Je, wajua wazamia lulu wa filamu za kimya walipigwaje picha chini ya bahari?

Katika filamu ya kimya ya mwaka 1916 iliyotokana na riwaya ya Jules Verne kuhusu Nahodha Nemo, mzamia lulu anakabwa na pweza mkubwa kwenye sakafu ya bahari. Bahari yenyewe ni ya kweli, ya Bahamas. Basi nani alikuwa chini na kamera, wakati kamera za siku zile zikiingia maji ndiyo basi tena?

Mpiga picha alikuwa huko huko chini, mkavu kabisa.

Nahodha Charles Williamson alikuwa amebuni bomba la pete za chuma zilizoshikana, linalopinda na kurefuka, la kushushwa kutoka chomboni kwa kazi za chini ya maji. Mwanawe John Ernest, mwandishi wa habari wa Norfolk, Virginia, akaona linafaa kwa sinema. Chini yake akafunga chumba cha chuma chenye dirisha la kioo kinene, na mwaka 1914 akakipeleka Bahamas. Kwa kuwa bomba liko wazi juu, hewa ya chumbani ni ile ile ya chomboni. Mpiga picha anashuka, anakaa, anazungusha mkono wa kamera. Kazi ngumu ni ya kioo: kwenye kina cha mita 10, kila mita ya mraba inasukumwa na uzito wa tani 10 hivi.

Bahamas haina mito mikubwa ya kumwaga tope, na mchanga wake mweupe hurudisha mwanga juu. Lakini utamu wa jambo hili, kwangu mimi, uko kwenye mkanda wenyewe. Mikanda mingi ya enzi hizo haikuona rangi nyekundu, na maji nayo humeza nyekundu kwanza. Kilichobaki chini, buluu na kijani, ndicho hasa mkanda ulichokiona.

Shida ni kwamba dirisha halikimbizi mtu. Kila kitu kilibidi kitokee mbele yake. Mwaka huo wa 1914 John Ernest alivuta papa kwa mzoga wa farasi, kisha akaruka majini mwenyewe na kisu ili pambano lisitoke nje ya picha. Pweza wa 1916 ni mpira tu, na ndani yake mzamiaji akimchezesha mikono. Mvuvi wa pweza wa Pemba angemcheka.

Njia nyingine ilikuwa tangi la kioo. Mwaka 1914, huko Bermuda, tangi lilipasuka likamjeruhi mwogeleaji wa Australia Annette Kellermann pamoja na mwongozaji wake, Herbert Brenon. Hakukoma. Aliigiza pia filamu ya lulu na visiwa vya joto, iliyotoka mwaka 1924 na iliyopigwa Nelson, New Zealand, nyuzi 41 kusini mwa ikweta, ambako mnazi hauoti.