Imunotherapi kwa saratani ya utumbo mpana: jeni zinasema nini kabla ya tiba?

Kwa nini dawa moja imponye huyu, yule isimfae?

Pembrolizumab, dawa ya imunotherapi (tiba inayotumia kinga ya mwili), haiui saratani yenyewe. Inaondoa breki ambazo saratani imezifunga kwenye kinga ya mwili. Lakini kinga iliyofunguliwa lazima ione cha kushambulia. Seli inapogawanyika hunakili jeni zake, na makosa ya kunakili husahihishwa na protini nne: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Mmojawapo wa wasahihishaji hawa akikosekana, makosa hurundikana, seli hutengeneza protini ngeni, na kinga huzitambua upesi.

Wagonjwa waliokosa msahihishaji ni wengi?

Kama 15 kati ya 100 wenye saratani ya utumbo mpana. Ugonjwa ukishasambaa, 4 au 5 tu. Ni wachache, ila kuwakosa ni hasara kubwa. Katika utafiti wa KEYNOTE-177 uliofanywa kwa wagonjwa wa aina hii, nusu ya waliopewa pembrolizumab walifikisha miezi 16.5 bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa tibakemikali ilikuwa miezi 8.2. Hata hivyo, karibu 3 kati ya 10 dawa haikuwashika tangu mwanzo. Jeni hutabiri, haziahidi.

Kipimo cha protini hizi nne hufanywaje, na huharibikia wapi?

Mara nyingi huharibikia kabla ya kufika maabara. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kiingie kwenye fomalini (kimiminika cha kuhifadhia) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, fomalini iwe mara kumi ya ujazo wake, kikae saa 6 hadi 72. Kikichelewa, protini huoza.

Maabara hupaka rangi inayoshika protini hizo. Chini ya hadubini, kiini cha seli chenye protini huwa cha kahawia, kisicho nayo hubaki bluu. Tazama kwanza limfosaiti (seli za kinga) zilizo pembeni ya uvimbe: nazo zikiwa bluu, rangi haikushika. Hapo hakuna jibu, kipimo kirudiwe.

MLH1 imekosekana. Ni ya kurithi?

Si lazima. Mara nyingi, hasa kwa wazee, jeni imezimwa tu ndani ya uvimbe. Badiliko la V600E kwenye jeni ya BRAF ya uvimbe likionekana, urithi karibu haupo. Ikikosekana MSH2, familia ipate ushauri wa jeni: kwenye ugonjwa wa Lynch, yaani kasoro ya kurithi ya jeni hizi za wasahihishaji, kila mtoto wa mwenye kasoro ana uwezekano wa nusu kwa nusu kurithi.

Niombe kipimo lini?

Kabla ya dozi ya kwanza ya tiba yoyote. Na kama upasuaji ulishafanyika, uliza kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kiko wapi. Hata baada ya miaka kadhaa bado kinapimika.