Kutoka Kombati Hadi Kuandika Programu: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Arusha wanajeshi si wageni. Monduli kuna chuo cha maofisa, Oljoro kuna kambi ya JKT, na waliomaliza utumishi wamejenga Sakina na Ngaramtoni. Ila mmoja wao akisema anajifunza kuandika programu za kompyuta, maneno hayakosi.

"Jeshi na kompyuta wapi na wapi?" Hili jepesi. ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilijengwa kwa fedha za jeshi la Marekani ili kukokotoa majedwali ya kulengea mizinga. Grace Hopper, Mmarekani aliyeunda mwaka 1952 mfumo wa A-0, mojawapo ya programu za mwanzo za kugeuza maagizo kuwa lugha ya mashine, alistaafu mwaka 1986 akiwa na miaka 79, bado kavaa sare za jeshi la majini.

"Nidhamu inatosha." Hapa wastaafu wenyewe hujidanganya, na waajiri huwasaidia kujidanganya. Kuamka saa 11 alfajiri hakuondoi hitilafu kwenye programu. Kinachobeba ni kile ambacho hakuna anayekisifia: kukabidhi lindo. Njiro nafanya kazi na mzee aliyekuwa kitengo cha mawasiliano. Tunatunza mfumo wa kampuni ya utalii. Kabla hajaondoka huandika hivi: "Saa 4:10 usiku seva imewashwa upya. Chelezo (nakala ya akiba) ipo. Malipo mawili yamekwama, sijayagusa, mhasibu ana taarifa. Nywila isibadilishwe hadi asubuhi." Anayeingia zamu hana haja ya kumpigia mtu simu. Vijana wetu wa chuo huacha "nimerekebisha, poa", halafu simu zao hazipatikani.

Pia kuna tathmini baada ya zoezi, ambayo jeshi la Marekani liliiwekea utaratibu miaka ya 1970: nini kilitakiwa kutokea, nini kimetokea, kwa nini. Mfumo ukianguka, timu makini za programu hukaa kikao cha namna hiyo hiyo. Aliyevikalia jeshini hashtuki kosa lake likitajwa mbele za watu.

"Mwanajeshi husubiri amri." Si kweli kwa wote; koplo aliye doria huamua mwenyewe redio ikikata. Lakini tusifichane, tatizo la cheo lipo. Kijana wa miaka 24 akimrudishia aliyekuwa sajenti kazi yake na maoni kumi, chumba hupoa kidogo. Na aliyezoea "ndiyo afande" humkubalia mteja kila ombi, hata lisilowezekana kwa wiki moja. Kwa niliowaona, kujifunza kusema "hapana, kwa sababu hii" huchukua muda mrefu kuliko kujifunza lugha ya programu ya JavaScript.

"Kazi ya jeshi ni siri, huna cha kuonyesha." Siri zibaki kambini: maeneo, idadi, aina za vifaa. Kusema ulisimamia watu na matengenezo hakuvunji kiapo. Hata hivyo mwajiri anataka kuona ulichounda. Tengeneza mfumo wa hesabu za VICOBA ya mtaani kwako, wanachama wautumie kweli, na umeme ukikatika katikati ya marejesho, hela ya mtu isihesabiwe mara mbili.