Je, wajua kwa nini kuna riwaya nzima zisizo na neno hata moja?

Chukua kiazi kibichi, kikate katikati, uchonge herufi F kwenye ule uso uliokatwa. Kipake wino, kigandamize kwenye karatasi. Wengi tumewahi kuucheza mchezo huu shuleni, na wengi tulishangaa: F imetoka imegeuka. Ili isomeke, ilitakiwa ichongwe kinyume, kama maandishi ya muhuri. Sasa badala ya kiazi weka ubao, na badala ya herufi moja weka sura nzima ya riwaya. Utamwelewa mchongaji asiyetaka kuandika.

Ila kuna wasanii waliotoa riwaya za picha pekee zilizochongwa kwenye ubao, ukurasa baada ya ukurasa, na sababu yao haikuwa uvivu wa kuchonga herufi. Wala hawakuwalenga watu wasiojua kusoma, kama wengine wanavyodhani. Vitabu hivi viliuzwa Ujerumani na Ufaransa, na walionunua walikuwa wasomaji hasa.

Aliyefungua njia ni Frans Masereel, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1889. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka hakutaka kushika bunduki. Akaishia Geneva, Uswisi, akajitolea Msalaba Mwekundu kama mfasiri, huku akichorea magazeti picha za kupinga vita. Hapo ndipo napapenda: mtu aliyeshinda akihamisha maneno toka lugha hii kwenda ile ndiye aliyekuja na vitabu visivyohitaji mfasiri. Ulaya ilikuwa imegawanyika, Mjerumani na Mfaransa wanauana, lakini picha ya mama anayefukuzwa nyumbani na mimba yake inasomeka pande zote mbili za mpaka. Ndivyo inavyoanza hadithi yake ya mwaka 1918, yenye picha 25. Mtoto wa mama huyo anakua, anaongoza wafanyakazi wenzake kudai haki, na anaishia kupigwa risasi ukutani.

Mwaka uliofuata akatoa *Mon livre d'heures*, picha 167. Kijana anaingia mjini kwa treni, anapenda, anaachwa, anacheza na watoto, anakasirika. Kuna ukurasa ambapo amekuwa jitu na anaukojolea mji. Mwishoni anafia msituni, na mifupa yake inaukanyaga moyo wake mwenyewe kisha inaondoka kati ya nyota, ikitupungia mkono. Thomas Mann, mwandishi Mjerumani aliyekiandikia kitabu hicho utangulizi mwaka 1926, anasimulia kwamba aliulizwa ni sinema gani iliyomgusa kuliko zote. Akakitaja kitabu hiki.

Jibu lile halikuwa mzaha. Wakati huo sinema zilikuwa bubu, na watu walikwisha kuzoea kufuata kisa kwa kutazama mabega yaliyolegea, mkono ulionyooshwa, mlango uliofungwa kwa hasira. Ubao nao unadai hivyohivyo. Unapoukata, palipokatwa hapashiki wino, panabaki peupe. Palipoachwa ndipo panapotoka peusi. Kwa hiyo usiku unakuja wenyewe, kazi ni kuuchonga mwanga: taa ya barabarani, dirisha moja, uso mmoja kwenye kundi la watu. Katika picha za Masereel kijivu hakuna. Jicho halina pa kupotelea, linakwenda moja kwa moja kwa mtu na anachofanya.

Mmarekani Lynd Ward alikiona kitabu kimoja cha Masereel akiwa mwanafunzi mjini Leipzig, Ujerumani, akarudi kwao na wazo hilo. Yeye hakuchonga kwenye uso wa ubao wa kawaida, ambao patasi ikienda kinyume na nyuzi zake unachanika. Alichonga mti uliokatwa kwa kukingama shina, kama uso wa juu wa gogo la bucha. Huko chombo kinageuka upande wowote bila kukwama, na mistari inaweza kuwa myembamba kama nywele, ikisongamana mpaka ikaleta kijivu. Kitabu chake cha kwanza, *Gods' Man*, kinahusu msanii anayetia saini mkataba na mtu aliyeficha uso ili apate brashi ya ajabu. Kilitoka Oktoba 1929, wiki ileile soko la hisa la New York lilipoporomoka, na bado nakala zaidi ya 20,000 ziliuzwa.

Ukimya huu una bei yake. Kitabu cha pili cha Ward, cha mwaka 1930, kinaanzia Afrika, ambako mfanyabiashara wa watumwa anamuua mtu na kumnyang'anya ngoma. Balaa linaiandama familia ya muuaji. Kisa kizito, lakini wahusika ni wengi, na bila majina unajikuta unarudi nyuma kurasa kumi kuuliza huyu mwenye ndevu ni nani tena. Katika hadithi zile mbili Masereel aliliepuka tatizo hilo kwa kumfuata mtu mmoja tu.

Ward alitoa riwaya sita, ya mwisho mwaka 1937, yenye picha 230. Kufikia hapo sinema zilikuwa zinazungumza kwa takriban miaka kumi, na Ujerumani vitabu vya Masereel vilikuwa vimepigwa marufuku na Wanazi. Shanghai, China, kwa upande mwingine, vilikuwa vimeshafika: mwaka 1933 vinne kati yake vilichapishwa huko, na mwandishi Lu Xun alikiandikia kimoja utangulizi. Michoro yenyewe haikuhitaji kutafsiriwa.