Sukuma ya Gunia Haivunwi Kichwani

Juzi mama mmoja wa Kayole alituita akilalamika kwamba sukuma wiki yake imekataa. Nilikuta gunia limesimama uani mwa ploti, karibu na kamba za nguo, na kusema kweli limejazwa vizuri: udongo mweusi, samadi iliyooza, na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji. Taabu ilikuwa kwenye miche. Yote ilikuwa imekatwa vichwa, kwa sababu majani ya juu ndiyo laini na baba watoto hataki magumu.

Sukuma hukulia kichwani. Ukikiondoa, mche hautapanda tena. Utatoa vichipukizi ubavuni, na majani yake huwa madogo. Chuma majani ya chini, mawili mawili kwa kila mche, ukiyavunja kuelekea chini pale yanaposhikana na shina. Juu bakisha kama matano. Gunia la miche 30 litakupa majani 60 kwa mkupuo mmoja, kisha uliache lipumzike kama wiki. Majani ya manjano nayo uyatoe, hata kama huyali, maana vidukari hupenda kujificha chini yake.

Vile vichipukizi tulivigeuza miche. Kikifika urefu wa kidole kikopoe, punguza majani, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Wiki mbili tatu kinashika mizizi. Hakuna haja ya kununua mbegu.

Maji ya kusuuzia mboga na mchele yanatosha kumwagilia, ukiyamimina juu ya kokoto. Ya mtaroni hapana, wala ya mto Nairobi. Vijidudu unaweza kuviua kwa moto, lakini risasi na metali nyingine nzito zikishaingia ndani ya jani hazitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Udongo wa kando ya gereji au jalala uuache huko huko, hata ukipewa bure.

Mvua za Aprili na Novemba huleta kunde na managu kupita kiasi. Hapo ndipo mboga nyingi huozea ndooni, ilhali Februari mtu anahesabia mama mboga shilingi kwa fungu jembamba. Kausha! Osha majani, yachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, yachuje, uyatandaze kwenye kitambaa safi kivulini penye upepo. Juani yatakauka upesi, ila jua hula vitamini A. Yakivunjika mkononi kama karatasi kavu, yatie kwenye chupa iliyokauka na kufungwa vizuri. Siku ya kupika yaloweke kwanza.

Jikoni, osha kabla ya kukata. Wengi wetu tumezoea kukata kwanza, tena nyembamba kama uzi, halafu tunasuuza mara tatu. Vitamini C inaishia kwenye sinki. Mafuta kidogo yasikosekane, kwa sababu mwili huhitaji mafuta ili kufyonza vitamini A ya mboga. Managu ukiona chungu, tia maziwa.

Yule mama alipata vichipukizi kumi na kimoja. Amevipanda kwenye debe bovu alilolisugua na kulitoboa chini, na kichwa cha kwanza atakachokata, ameniambia, ni cha mumewe.