Taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima

Gari limegoma kuwaka asubuhi, na kabla boneti haijafunguliwa mtu kashasema: "Taa zinawaka, honi inalia, basi betri haina neno. Stata ndiyo imekufa." (Stata ni ile mota inayozungusha injini ili iwake.) Maneno haya ni ya siku nyingi katika gereji za Kampala, na yamewapeleka wengi Kisekka, soko la vipuri, kununua stata iliyotumika bila sababu.

Kosa liko kwenye hesabu. Balbu ya kawaida ya taa kubwa, ya wati 55, hula kama ampea 5 tu. Stata ya gari dogo la petroli hudai ampea 100 na zaidi kwa mkupuo. Betri iliyochoka ni kama mzee anayemudu kikombe cha chai, lakini si mkungu wa matoke.

Basi washa taa kubwa, mwenzako azungushe ufunguo huku wewe ukizitazama. Zikififia sana au kuzimika, shuku betri, au vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, vilivyoota ule unga mweupe; visafishe na kuvikaza kwanza, ni bure. Zikibaki na mwanga uleule na stata iko kimya, hapo ndipo stata yenyewe, nyaya zake au swichi huingia lawamani. (Kwa gia otomatiki, hakikisha iko P au N. Usicheke, hutokea.)

Mwenye mita ya volti apime betri, gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.0 imekaribia kwisha. Na stata ikizunguka kwa nguvu ila injini haishiki, iache betri, ukatafute mafuta au cheche.