AFP ikiwa kawaida haina maana ini liko salama

Dhana: "AFP yangu imetoka kawaida, kwa hiyo sina saratani ya ini."

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana watu wenye homa ya ini B au C hupata majibu hayo, wakayaweka kabatini na wasirudi tena kliniki. AFP, yaani alfa-fetoprotini, ni protini inayotengenezwa kwa wingi na ini la mtoto akiwa tumboni. Baada ya kuzaliwa hushuka, ikabaki kidogo sana. Seli za saratani zinaweza kuanza kuitengeneza upya, na mwaka 1964 Yuri Tatarinov, mwanasayansi wa Kisovieti, aliiona kwenye damu ya mgonjwa wa saratani ya ini. Lakini vimbe nyingi zikiwa bado changa hazitoi AFP ya kutosha kushtua maabara, na nyingine hazitoi kabisa.

Ndiyo maana kipimo hiki huambatana na ultrasaundi kila baada ya miezi 6. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2018 ulionyesha kuwa kwa wenye sirosisi, yaani makovu ya ini, ultrasaundi peke yake hugundua takribani 45% ya saratani zikiwa changa. Ikiongezwa AFP, hufika takribani 63%. Hata vyote viwili vinapitwa na kitu, kwa hiyo miadi inayofuata ni muhimu kama hii ya leo.

Dhana: "AFP imepanda, basi nimekwisha."

Hapana. Ujauzito huipandisha, saratani fulani za korodani na ovari pia, na homa ya ini yenyewe ikichachamaa. Tuseme umepata nanogramu 35 kwa mililita huku ALT, yaani kimeng'enya kinachopanda seli za ini zikijeruhiwa, ikiwa juu sana: huenda ini limevimba tu, na virusi vikidhibitiwa namba itashuka. Kinachonitia hofu ni 12, kisha 30, kisha 85, huku ALT imetulia. Kwa kawaida ikivuka 20, au ikiendelea kupanda, daktari huagiza CT scan au MRI yenye dawa ya mshipani. Ikivuka 400 shaka huwa kubwa, ila picha bado inahitajika.

Kuna pia PIVKA-II, kipimo kingine cha damu, inayoweza kukamata baadhi ya saratani ambazo AFP imezikosa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kwanza, kwani dawa hiyo huipandisha.

Na wanaosema "LFT yangu ni safi"? Kipimo hicho huonyesha jeraha na utendaji wa ini. Uvimbe wa sentimita 2 unaweza kukaa humo bila kugusa namba hata moja.

Dhana: "Bila sirosisi hakuna saratani."

Kwa homa ya ini B si kweli. Kirusi chake hujipachika kwenye vinasaba vya seli za ini, na Afrika saratani hii huwakuta watu wakiwa bado vijana. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu huzidisha hatari hiyo mara nyingi. Kama mzazi au ndugu yako wa damu aliugua saratani ya ini, mwambie daktari hata kama ini lako halina makovu.

Tenofovir, dawa ya homa ya ini B, hupunguza hatari, haiifuti. Vilevile aliyepona homa ya ini C akiwa tayari na sirosisi aendelee na ultrasaundi na AFP kila miezi 6, hata kama majibu yanasema kirusi hakionekani.