Je, wajua kwa nini mbamia ukichelewa kuuchuma huacha kuzaa?

Wenye bustani za nyumbani wana lalamiko moja linalojirudia: mibamia ilianza kwa fujo, ikazaa wiki mbili tatu, kisha kimya. Mmoja atakimbilia mbolea, mwingine atailaumu mbegu ya dukani. Kabla ya hayo, inua yale majani mapana utazame chini yake. Mara nyingi utakuta bamia mbili tatu zilizokomaa, ngumu kama kuni, ambazo hakuna aliyeziona.

Hizo ndizo zinazoufunga mti. Mbamia unaishi ili uache mbegu. Mchuzi wetu haumo katika hesabu zake. Ua lake la njano hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Likitunga, siku nne hadi sita baadaye bamia imefika saizi ya kuliwa, na mbegu zake bado ni laini na nyeupe. Ukiiacha hapo, mbegu huanza kujaa na kuvuta sukari inayotengenezwa na majani. Ncha ya mti hupungukiwa chakula, ukuaji unapungua. Na kwa kuwa kila ua la mbamia huchomoza kwenye kwapa la jani, yaani pale jani linapoungana na shina, ncha ikidumaa majani mapya hayatoki, na maua nayo hayatoki. Mti umeshapata ulichotaka, uhangaike tena wa nini?

Kwa hiyo chuma kila baada ya siku moja au mbili, hata kama siku hiyo hupiki bamia. Urefu wa sentimita 7 hadi 10 unatosha. Ukitilia shaka, kunja ncha ya bamia: ikikatika kwa mlio ni changa, ikipinda bila kukatika nyuzi zimeshaingia. Hiyo ngumu usiione huruma, ikate uitupe. Tumia kisu badala ya kunyofoa, na uvae shati la mikono mirefu, maana vinyweleo vyake vinawasha.

Upandaji hauna mengi. Loweka mbegu usiku kucha, kwa sababu ganda lake ni gumu, kisha zifukie sentimita 2 hadi 3 palepale zitakapokulia. Mbamia una mzizi mkuu unaozama moja kwa moja na haupendi kuhamishwa. Acha sentimita 30 hivi kati ya shina na shina, penye jua la kutwa. Epuka tuta lililotoka kuvunwa nyanya au biringanya, kwani minyoofundo inayoshambulia mizizi ya mazao hayo huishambulia bamia pia.

Mti ukishakuwa mrefu na kuchoka, wengi huung'oa. Mimi naona ni haraka isiyo na faida kama mizizi bado ni mizima: ukate ubaki sentimita 30 hivi, weka samadi, mwagilia, nao utachipua matawi na kuzaa tena.

Mbegu ya msimu ujao? Chagua shina moja zuri, uliache lizeeshe bamia zake hadi zikauke na kuanza kupasuka kwenye mistari. Mbamia hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini nyuki huchanganya, hivyo kama jirani amepanda aina nyingine karibu na ukuta wako, usishangae mwakani ukivuna bamia zisizofanana na za mama yao.